Wa Kwanza Kwetu Kufika Kasapa

Mama anauza makaa hapa Kamalondo, Lubumbashi. Kabla yangu, hakuna wa ukoo wetu aliyeingia Kasapa, kampasi ya chuo kikuu chetu. Msishangae: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzishwa mwaka 1955, na uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye shahada hawakufika hata 30 nchi nzima. Familia nyingi bado zinaanza.

Pesa ya minervali, yaani ada ya masomo, hutafutwa kwa jasho, ndiyo. Kinachochosha zaidi ni kukosa wa kumuuliza. Wenzangu wana baba au shangazi aliyekwisha kupita humo; mimi nilijifunza peke yangu namna ya kumwendea profesa, na kwa Kifaransa, maana nyumbani ni Kiswahili tu.

Lakini jioni, tukila bukari (ugali), Mama huniuliza nimesoma nini. Nilimweleza sheria ya mikataba, ile amri ya 30 Julai 1888 inayotumika mpaka leo. Akauliza papo hapo: “Na mdeni akikana, mwanangu, unamshika kwa nini?” Ndilo swali la ushahidi, nami nalifurahia kuliko mhadhara wowote. Siku hizi wateja wa Mama wanaokopa makaa wanatia sahihi kwenye daftari.