Umeme Ukikatika, Msikate Tamaa



Wakubwa mnaukumbuka mwaka 2004 pale Kigali. Umeme ulikuwa wa mgao. Mvua ilipungua, na kinamasi cha Rugezi kinacholisha maziwa ya Burera na Ruhondo kilikuwa kimeharibiwa kwa kukaushwa. Maji yakashuka, mitambo ya Ntaruka na Mukungwa ikakosa nguvu, mji ukakaa gizani kwa zamu.

Mwaka huohuo tulitoka kambini na daftari letu, tukaenda Kigali kupiga chapa majina ya ndugu wanaotafutana. Kwenye duka la intaneti tulimkuta mama mmoja aliyekuwa safarini. Akatutajia watoto wake wanne waliopotea, tukawaandika moja kwa moja kwenye kompyuta, bila karatasi. Mama akaaga. Mara pap! Umeme umekwenda, na sisi hatujahifadhi kitu.

Tulishika vichwa. Kijana wa duka akasema, "Tulieni, wazee. Umeme ukirudi tutaangalia."

Uliporudi, akafungua Word. Upande wa kushoto ikatokea orodha ya mafaili yaliyookolewa, na letu lilikuwemo! Lakini watoto walikuwa wawili tu. Tukakimbia mpaka Nyabugogo, tukamkuta mama ndani ya taksi ambayo bado haijajaa. Akatutajia tena wale wawili, safari hii kwenye karatasi.

Kwa nini wawili walipotea? Word hujiwekea nakala ya akiba kila baada ya dakika 10, kama hakuna aliyebadilisha. Ulichoandika baada ya nakala ya mwisho hakirudi.

Basi, vijana mnaoandika barua za shule na za kazi, shikeni haya:

- Kompyuta ikizima, iwashe, kisha fungua programu ileile kwanza. Ukiona faili lililookolewa, lihifadhi kwa jina jipya kabla ya kufunga.

- Kama faili halikupewa jina, kwenye Word za tangu 2013 nenda Faili, kisha Fungua. Chini ya orodha ya mafaili ya karibuni kuna kitufe cha kuokoa yasiyohifadhiwa.

- Kompyuta nyingine za maduka hujifuta zikiwashwa upya. Muulize mhudumu mapema, na weka kazi yako kwenye flashi.

- Ukiandika kwenye Google Docs na intaneti ipo, kazi hujihifadhi yenyewe. Intaneti ikikatika, usifunge ukurasa.

- Kila ukimaliza aya, bonyeza Ctrl na S. Ni sekunde moja tu, jamani.

Na karatasi msiitupe. Barua inaweza kuandikwa upya, lakini jina la mtoto anayetafutwa, aliyelitaja akishapanda gari, utamuuliza nani?

Tuonane mwezi ujao. Kaeni salama.