Je, Wajua? Mbabe wa Uzito wa Juu Aliyenyimwa Taji

Wapenzi wa ngumi wa Kibaha na Kisarawe wakianza kubishana nani mkali, aghalabu huanzia kwa Ali au Tyson. Turudi nyuma zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 taji la uzito wa juu lilipita mikononi mwa John L. Sullivan, James Corbett (1892), Bob Fitzsimmons (1897) na James Jeffries (1899). Fitzsimmons alimwangusha Corbett akiwa na kilo 76 hivi tu!

Hata hivyo, namba moja wangu si yeyote kati yao. Ni Peter Jackson, mtu mweusi mzaliwa wa kisiwa cha St. Croix aliyejifunzia ngumi Australia. Mei 21, 1891, huko San Francisco, alizichapa na Corbett raundi 61, takriban muda wa saa nne: ungetoka Maili Moja ukafika Morogoro na chai ukanywa. Miili ikachoka, mwamuzi akasimamisha pambano bila mshindi. Mwaka uliofuata Corbett akamtwanga Sullivan.

Jackson je? Sullivan alikataa katakata kupigana na mtu mweusi. Jackson alifariki mwaka 1901 kwa kifua kikuu, bila kupewa nafasi ya kuwania taji hilo.