Ringi za pistoni za misumeno ya zamani ya mnyororo

Ringi ya pistoni ni pete ya chuma iliyokatwa sehemu moja, inayovaliwa katika mfereji mwembamba unaozunguka pistoni ya injini. Katika msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wengi huuita chenso, ringi huziba nafasi ndogo kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Ringi ikichakaa injini hukosa nguvu, na hatimaye haiwaki kabisa hata kama sehemu nyingine zote ni nzima.

Makala hii inahusu upatikanaji wa ringi za misumeno ambayo haitengenezwi tena au ambayo wakala wake hayupo karibu, hasa katika wilaya ya Kilwa na pwani ya mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania.

## Muundo na kazi

Misumeno karibu yote ya zamani ina injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa hewa. Ringi zake ni moja au mbili na kwa kawaida ni za chuma cha kalibu. Zina kazi mbili kuu: kuzuia mgandamizo usivuje kuelekea chini ya pistoni, na kupitisha joto la pistoni kwenda kwenye silinda.

Injini hiyo haina ringi ya kukwangua mafuta kama ile ya gari au ya pikipiki ya mipigo minne, kwa sababu mafuta ya kulainisha huchanganywa na petroli. Ndiyo maana seti ya ringi za bodaboda haiwezi kuhamishiwa kwenye msumeno hata kama kipenyo kinalingana.

Tofauti nyingine ni pini. Ukuta wa silinda ya mipigo miwili una matundu ya kuingizia mchanganyiko na ya kutolea moshi. Ringi ikizunguka ovyo, ncha zake hunasa kwenye tundu na kuvunjika. Kwa hiyo kila mfereji una pini ndogo inayokaa kati ya ncha mbili za ringi na kuizuia isizunguke.

## Misumeno ya zamani katika misitu ya pwani

Misitu ya Kilwa na Lindi ina miti migumu kama mpingo, mkongo na mninga. Mpingo (Dalbergia melanoxylon) ni mzito kiasi kwamba ukitupwa majini huzama. Mti wake hutumika kutengeneza zumari za kizungu, hasa klarineti na oboe, na pia vinyago vya Wamakonde. Kuukata hulazimisha injini kufanya kazi kwa nguvu zote kwa muda mrefu kuliko mti laini, na joto hilo huharakisha uchakavu wa ringi.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kutenga na kusimamia misitu ya hifadhi ya kijiji. Wilayani Kilwa kazi hiyo imesaidiwa na shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative lenye makao yake Kilwa Masoko. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC, ambacho huthibitisha kwamba uvunaji unafanywa kwa uangalifu. Mapato ya magogo yanayouzwa huingia katika kijiji.

Uvunaji hutegemea majira. Mvua za eneo hili huanza takriban Novemba au Desemba na kuendelea hadi Mei, na barabara nyingi za msituni hazipitiki wakati huo. Msumeno unaosimama wiki tatu wakati wa kiangazi kwa kusubiri ringi unaweza kuwapotezea wavunaji sehemu kubwa ya msimu.

Ujenzi wa Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, ulibadilisha biashara ya pande zote mbili. Kabla yake magari yalivuka kwa kivuko. Baada yake mbao zilikwenda kaskazini kwa urahisi zaidi, zikiwemo nyingi zilizovunwa kinyume cha sheria, na vipuri kutoka maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, vikafika Kilwa kwa basi.

## Dalili za ringi iliyochakaa

Dalili ya kwanza mara nyingi ni msumeno kuwaka vizuri ukiwa baridi na kukataa ukiwa moto. Dalili nyingine ni kamba ya kuwashia kuvutika bila ukinzani na mnyororo kupungua mwendo mara unapogusa mti.

Fundi asiye na geji ya mgandamizo huweza kuuinua msumeno kwa kushika mpini wa kamba ya kuwashia, injini ikiwa imezimwa na mnyororo ukiwa na ala yake. Msumeno wenye mgandamizo mzuri huteremka polepole kwa kusitasita. Ulio dhaifu huporomoka mara moja. Kwa geji, kipimo cha takriban psi 150 ni kizuri, na chini ya psi 120 injini huanza kusumbua.

Ekzosi ikifunguliwa, pistoni na ringi huonekana kupitia tundu la moshi. Pistoni yenye mikwaruzo mirefu ya wima upande huo imepata joto kupita kiasi au imekosa mafuta.

## Vipimo vinavyohitajika

Jina la msumeno pekee halitoshi kununulia ringi. Namba za vipuri vya Stihl huanza na tarakimu nne zinazotambulisha familia ya mashine, lakini familia moja yaweza kuwa na silinda za vipenyo tofauti:

- Stihl 070 (1106): kipenyo 58 mm, ujazo takriban sm³ 106
- Stihl 090 (1106): kipenyo 66 mm, ujazo takriban sm³ 137
- Stihl 064 (1122): kipenyo 52 mm, ujazo takriban sm³ 85
- Stihl 066 (1122): kipenyo 54 mm, ujazo takriban sm³ 92
- Husqvarna 268: kipenyo 50 mm, ujazo takriban sm³ 67
- Husqvarna 272: kipenyo 52 mm, ujazo takriban sm³ 72

Zaidi ya hayo, msumeno uliopita katika mikono mingi huenda uliwahi kubadilishwa silinda. Kwa hiyo huchukuliwa vipimo vinne:

1. Kipenyo cha silinda, kikipimwa kwa kalipa ndani ya silinda yenyewe. Ringi iliyo nje ya silinda hutanuka, na kipimo chake hupotosha.
2. Unene wa ringi kutoka juu hadi chini, kwa mfano 1.2 mm, 1.5 mm au 2 mm. Kipimo hiki hulinganishwa na mfereji wa pistoni, kwa kuwa ringi ya zamani huenda imelika.
3. Upana wa ringi kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani. Ringi pana kuliko kina cha mfereji hukwama.
4. Umbo la ncha na mahali pa pini. Baadhi ya ringi zina pengo dogo lililochongwa upande wa ndani wa ncha, nyingine katikati ya unene.

Mwenye vipimo hivi anaweza kuagiza hata kwa msumeno usiojulikana dukani. Watengenezaji kama Caber wa Italia huuza ringi kwa vipimo, si kwa jina la msumeno tu.

## Njia za upatikanaji

Mashine zilizonakiliwa nchini China, hasa zinazofuata muundo wa Stihl 070, Stihl 066 na Husqvarna 268 na 272, zimefanya ringi za vipenyo hivyo kupatikana kwa urahisi kuliko zamani. Mara nyingi huuzwa pamoja na pistoni na silinda. Ubora hutofautiana, hivyo pengo la ncha hupimwa kabla ya kufunga.

Ugumu huwa mkubwa kwa misumeno ya McCulloch, Homelite, Jonsereds na Partner. Kwa hiyo, kuagiza kwa vipimo ndiyo njia ya uhakika zaidi.

Pwani ya Kilwa na Lindi ina pia mashine za boti za mipigo miwili, na wengine hujaribu ringi zake. Yamaha ya nguvu farasi 8, kwa mfano, ina silinda za 50 mm kama Husqvarna 268. Hata hivyo kipenyo ni kimoja tu kati ya vipimo vinne. Ringi ikiwa nene kuliko mfereji, unene waweza kupunguzwa kwa kuisugua juu ya kioo chenye msasa laini, lakini umbo lisilooana na pini au mfereji halirekebishiki kwa njia hiyo.

Jambo lingine linalowapotosha mafundi wa pikipiki ni ringi za oversaizi. Silinda ya chuma cha kalibu huweza kuchongwa na kuwekewa pistoni na ringi kubwa zaidi. Silinda nyingi za misumeno ni za alumini iliyopakwa kromu au mchanganyiko wa nikeli, na kuichonga huondoa tabaka hilo. Tabaka likiisha, ringi mpya haisaidii. Silinda yote hubadilishwa. Pia ringi yenye uso wa kromu haifungwi kwenye silinda ya kromu.

## Ufungaji

Kabla ya kuvalisha, ringi huingizwa peke yake ndani ya silinda na kusukumwa kwa pistoni ili ikae sawa. Pengo la ncha hupimwa kwa fila. Kanuni ya jumla ni angalau 0.1 mm kwa kila 25 mm za kipenyo, yaani 0.2 mm kwa silinda ya 50 mm. Pengo dogo mno hufanya ncha zigusane injini ikipata moto. Pengo likifikia 1 mm, ringi hiyo imekwisha.

Masizi husafishwa mferejini, na kipande cha ringi ya zamani hufaa kwa kazi hiyo. Ringi hutanuliwa kidogo tu, kwani chuma cha kalibu huvunjika kirahisi, kisha pengo lake hulinganishwa na pini. Mshale ulio juu ya pistoni huelekea kwenye tundu la moshi.

## Sababu za ringi kufa mapema

Ringi mpya hufa haraka ikiwa chanzo cha uharibifu hakikuondolewa. Sababu za kawaida ni chujio la hewa lililotoboka, hewa kuvuja kwenye gasketi au sili, kabureta kupeleka petroli kidogo mno, na mafuta yasiyofaa.

Sababu ya mwisho ina uzito wa pekee katika miji ya wavuvi, ambako mafuta ya mashine za boti huwa karibu zaidi. Mafuta yenye alama TC-W3 yametengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji. Injini ya msumeno hupata joto kubwa zaidi na huhitaji mafuta ya mipigo miwili ya injini za hewa, kama yenye alama JASO FC au FD. Uwiano wa 1:25 unahitaji mililita 40 za mafuta kwa lita moja ya petroli, na 1:50 unahitaji mililita 20. Hufuatwa uwiano uliotajwa na mtengenezaji wa msumeno na wa mafuta.