Fahamu: Usalama wa wazee wanaoishi peke yao katika nchi ya chai
Ijapokuwa Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imemthibitishia mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa zake na ya Serikali, wako wazee wengi wa Kericho na Bomet ambao wana wao wamehamia mijini, nao wamebaki peke yao kandokando ya mashamba ya chai. Hatari niihofiayo zaidi ni jiko la makaa, kwani katika baridi ya nyanda hizi, zilizo karibu mita 2,000 juu ya bahari, mzee huliingiza chumbani, akafunga dirisha, akajifunika blanketi, na hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ikamlevya usingizini asiamke tena. Basi jiko na lilale nje, hata makaa yakionekana yamekufa. Radi, ambazo Kericho ni mashuhuri kwazo, zamtaka aingie ndani mapema. Yaliyosalia ni ya jirani: abishe hodi kila asubuhi, awe na ufunguo wa pili, na nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu aiandike ukutani kwa tarakimu kubwa.