Kitunguu saumu na mlonge kwenye chakula cha samaki: vinasaidia wapi, havisaidii wapi

Wafugaji wa samaki katika mabonde ya Karagwe na Kyerwa wanajua hasara ya kuamka asubuhi na kukuta samaki wanaelea. Wengi hukimbilia dawa, na wengine humwaga bwawani vidonge vya binadamu. Je, vipo vitu vya asili vinavyoweza kumkinga samaki kabla hajaugua? Vipo, ila vina mipaka yake.

Anza na maji

Samaki wakipanda juu alfajiri wakihema kwa midomo, mara nyingi wamekosa hewa. Usiku, mimea midogo ya majini na mabaki ya chakula yanayooza hutumia hewa iliyomo kwenye maji. Hapo kitunguu saumu hakisaidii. Ingiza maji mapya, acha kulisha kwa siku hiyo, na usiweke samadi.

Maji ya kijani hafifu ni chakula cha asili cha sato. Kuyapima, zamisha mkono ulionyooka. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, bwawa liko vizuri. Kikipotea mapema zaidi, rangi imezidi, hivyo simamisha samadi. Ukikiona vizuri hata maji yakivuka kiwiko, ongeza samadi kidogo.

Kitunguu saumu

Majaribio mengi yameonyesha kuwa sato waliolishwa kitunguu saumu hustahimili zaidi magonjwa ya bakteria. Kiasi kinachotumika sana ni gramu 5 hadi 20 kwa kila kilo ya chakula. Unaweza kuanza na gramu 10, yaani punje tatu au nne za ukubwa wa kawaida.

Twanga, changanya na chakula pamoja na mafuta kidogo ya kula ili kishike, kisha anika kivulini. Usikipike, maana moto hupunguza nguvu yake. Tengeneza cha siku chache tu, na ulishe kwa wiki mbili hadi nne, hasa baada ya kupandikiza vifaranga au kuhamisha samaki.

Mfano: una samaki 500 wenye gramu 100 kila mmoja. Jumla ni kilo 50. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao, wanahitaji kilo moja na nusu ya chakula kwa siku, na gramu 15 za kitunguu saumu.

Majani ya mlonge

Mlonge una protini nyingi na vitamini. Kausha majani kivulini, saga na chekecha. Usizidishe kilo 1 katika kila kilo 10 za chakula, kwani majani hayo yana vitu vinavyozuia samaki kumeng'enya chakula, na ukizidisha samaki hudumaa. Mlonge hupenda joto, hivyo kwenye vilima vya juu hukua polepole.

Vya nyumbani vinavyoweza kudhuru

Maharage na soya mbichi huzuia mwili wa samaki kutumia protini. Chemsha maharage na kaanga soya kabla ya kusaga. Majani mabichi ya muhogo yana sumu. Maganda ya ndizi hayana protini ya kutosha, kwa hiyo hayawezi kuwa chakula kikuu.

Hatari kubwa zaidi ni pumba au mashudu yaliyoota ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyohiyo huharibu ini la samaki, na hakuna mmea wa kuiondoa kwenye chakula. Pumba zikinuka uvundo, zitupe. Hifadhi chakula mahali pakavu, juu ya mbao, mbali na ukuta.

Hali ya hewa yetu

Sato hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi joto 25 hadi 30. Huku kwetu usiku ni baridi, hasa Juni na Julai, na maji yakipoa samaki hula kidogo. Lisha jua likishapasha maji, karibu saa nne asubuhi, na tena alasiri. Chakula kikibaki baada ya dakika 15, punguza.

Wakati wa kumwita mtaalamu

Ukiona vidonda, mapezi yanayooza, macho yaliyotokeza au tumbo lililovimba, ondoa waliokufa na uwafukie mbali na bwawa. Kisha mwite afisa uvuvi wa halmashauri yako. Usimwage dawa za binadamu: hubaki kwenye nyama utakayokula au kuuza, na bakteria huzizoea hadi zisiwatibu tena watu.

Kitunguu saumu na mlonge humsaidia samaki anayeishi kwenye maji mazuri na kula chakula kisafi. Kabla ya kutwanga chochote leo, zamisha kwanza mkono bwawani, kisha fungua gunia la pumba ulinuse.