Jotoardhi ya Olkaria: Ugumu Uko Kwenye Kisima cha Kwanza

Kati ya mwaka 1999 na 2000, ukame uliikausha Kenya. Mabwawa ya Mto Tana yalipungua, umeme ukatolewa kwa mgao, na serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Lakini huko Olkaria, karibu na Naivasha, mitambo ya jotoardhi haikutikisika, kwa kuwa haingoji mvua ya msimu.

Siri yake ni Bonde la Ufa. Hapo ganda la dunia limepasuka na kuwa jembamba, na miamba iliyoyeyuka iko karibu zaidi na juu. Maji yaliyopenya kwenye nyufa kwa miaka mingi hupata moto hadi kupita nyuzi 300 za Selsiasi, lakini uzito wa ardhi na maji ya juu huyazuia kuchemka. Kisima kikiyafikia, pengine kilomita 3 chini, hupanda kwa kasi, shinikizo hushuka, na sehemu yake hugeuka mvuke wa kuzungusha turbini. Maji yanayobaki hurudishwa ardhini.

Kenya ilianza kuchimba mwaka 1956, lakini mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwashwa 1981. Kikwazo kikubwa cha jotoardhi ni fedha. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na hakuna ajuaye kama kina mvuke mpaka kichimbwe. Benki hazipendi mkopo wa namna hiyo. Kituo cha dizeli hujengwa haraka, ila mafuta yake hununuliwa maisha yake yote, tena kwa fedha za kigeni.

Mwaka 2008 serikali iliunda kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi, ibebe hatari ya uchimbaji kabla wawekezaji hawajaingia. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, na hizo huzalisha takriban asilimia 40 ya umeme wake.

Mafanikio hayo yana deni. Jamii za Wamasai zilihamishwa kupisha kituo cha Olkaria IV, na baadhi yao walilalamika kwa wakopeshaji wa mradi. Umeme safi haumpi mtu ruhusa ya kudharau mwenye ardhi.

Ethiopia, Djibouti na Tanzania nazo ziko juu ya ufa huohuo. Serikali zao zigharimie visima vya kwanza kwa fedha za umma, na ziketi na wenyeji kabla mashine ya kuchimba haijafika.