Kengele za Baba Hazina Bei

Katika jumba la makumbusho la mjini Kitale mna mkusanyo wa wadudu na wanyama ulioanzishwa na mtu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham. Aliukusanya tangu mwaka 1894 mpaka alipofariki mwaka 1966. Mwaka 1926 alifungua makumbusho yake mwenyewe, na katika wasia wake akaliachia taifa la Kenya vitu hivyo, pamoja na fedha za kujengea nyumba mpya, ambayo ilisimama mwaka 1974.

Nilipotoka humo nilijiuliza: je, mzazi asiye na makabati wala fedha, huwaachia nini wanawe? Jawabu nililipata Bungoma.

Wabukusu, wenyeji wa huko, huwatahiri vijana wao kila mwaka ulio shufwa, aghalabu mwezi wa Agosti. Kijana hushika vyuma viwili viliavyo mfano wa kengele, vinavyoitwa chinyimba. Huvigonga kwenye bangili za chuma alizovaa, huku akizunguka kuwaalika jamaa zake waje washuhudie.

Mzee mmoja, nje kidogo ya mji, alinitolea vyake kutoka kisanduku kilichokuwa mvunguni mwa kitanda. Vilikuwa vimefungwa katika kipande cha shuka kuukuu. Alivigonga baba yake, akavigonga yeye, kisha wanawe wawili. Sasa yuko mjukuu anayengoja zamu yake.

"Tazama hapa palipolika," akaniambia. "Baba alikuwa wa shoto."

Akanieleza kwamba mwaka mmoja alifika mnunuzi wa vitu vya kale akitoa fedha nzuri, na siku hizo yeye alikuwa akidaiwa karo ya shule. Hakuuza kengele, aliuza mbuzi.

"Mwanangu," akasema, "chuma kama hiki fundi atakufulia kingine hata kesho. Baba yangu hatafuliwa tena."

Maneno hayo yalinichoma, kwani nami nilikuwa na changu. Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa ameuhifadhi ubao wake wa chuoni, ule aliojifunzia alifu na bee akiwa mtoto. Ulikuwa umepasuka pembeni, na mpini wake umeng'aa kwa kushikwa. Alipofariki tuligawa mirathi kwa sheria. Kila mtu alipata fungu lake, wala hakuna aliyedhulumiwa. Ule ubao ulikuwamo ndani ya kasha bovu, na kasha tukaliuza pamoja na vilivyomo. Mimi mwenyewe ndiye niliyepokea fedha.

Sikuwa mkaidi, sikujua tu. Baba hakupata kunihadithia habari za ubao ule, nami sikumwuliza. Hapo ndipo yule mzee wa Bungoma alipotuzidi. Watoto wake wanajua ni mkono gani uliozilika kengele zile. Katika makumbusho, kitu huwa na karatasi inayoeleza kilikotoka. Nyumbani karatasi hiyo ni kinywa cha mzazi, nacho kikinyamaza, kofia ya viua huwa kitambaa, tasbihi huwa shanga, na ubao huwa kuni.

Si kwamba tuviabudu vitu, hasha! Wala si kwamba mmoja ajitwalie cha wote. Tasbihi moja haigawanyiki mafungu sita, lakini warithi wakiridhiana, yaweza kukaa kwa mmoja wao kwa niaba ya wote, na wengine wakajua iliko.

Basi msomaji, ikiwa mzazi wako yu hai, keti naye jioni moja. Mwombe afungue kasha lake, atoe kimoja kimoja, akwambie hiki alipewa na nani na kile alikishika siku gani. Waite na watoto wasikie.

Ubao wa baba sijui umetundikwa ukutani kwa nani leo. Aliye nao bila shaka anauona mzuri, lakini hajui kwamba ule ufa wa pembeni ulikuwa wa mtoto gani.